Kuhuisha nembo na mwonekano wa shirika la hisani la kidini: mwongozo kamili

Mashirika mengi ya hisani yaliyozaliwa na imani huianza kazi hii mkiani. Anatafutwa mbunifu, mbunifu analeta nembo tatu, kamati inagawanyika kati ya wanaotaka msalaba au mwezi uonekane na wanaotaka uondoke, na baada ya miezi ya mabishano linapitishwa umbo lisilomkera mtu wala kusema chochote. Ugomvi huo kwa kawaida si wa nembo. Ni wa swali ambalo bodi ilipaswa kulijibu mapema: imani yetu ionekane wapi, mbele ya nani, na kwa kiasi gani? Mwongozo huu unaliweka swali hilo mbele, kisha unashuka hadi kwenye rangi, herufi, faili, mihuri na milango ya magari.

Shirika dogo lenye ofisi moja au mbili litenge miezi minne hadi sita. Karibu nusu ya muda huo iishie kwenye hatua nne za mwanzo, kabla hata mstari mmoja haujachorwa.

Hatua ya 1: Pima ukubwa wa kazi

Kuna viwango vitatu, na gharama zake hazifanani hata kidogo.

Cha kwanza ni kusafisha. Nembo inabaki ileile, ila inachorwa upya kwa mistari safi, rangi zinapewa namba maalumu, na matoleo ya ovyo yanafutwa. Cha pili ni kuhuisha: unabakiza kile watu wanachokitambua, pengine rangi au umbo moja, na mengine yote unayapanga upya. Cha tatu ni kubadili kabisa, pengine pamoja na jina. Ukigusa jina umegusa cheti cha usajili, akaunti za benki, mikataba ya ajira, hati za majengo na makubaliano na wafadhili. Jina libadilishwe pale tu linapozuia kazi. Huduma ya Kikristo ya Campus Crusade for Christ ilitangaza mwaka 2011 kwamba nchini Marekani ingeitwa Cru, kwa sababu neno lenye kukumbusha Vita vya Msalaba lilikuwa linawafungia milango kwa watu waliotaka kuzungumza nao. Hiyo ni sababu yenye uzito. Mkurugenzi mpya kutaka kuacha alama yake si sababu.

Dalili za kweli kwamba muda umefika ni hizi: faili la asili la nembo halipo na kila mtu anaikata kutoka kwenye barua ya zamani, nembo haisomeki kwenye simu, kila idara imejitengenezea nembo yake, au mlianza kama kituo cha yatima na sasa mnachimba visima na kuendesha zahanati, huku nembo bado inaonyesha mtoto anayelia.

Fedha nazo ziamuliwe hapahapa. Usiguse mchango uliotolewa kwa kazi maalumu. Kwa shirika la Kiislamu jambo hili ni zito zaidi: wanaostahili zaka ni makundi manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, kwa hiyo gharama za nembo zisitoke kwenye mfuko huo bila fatwa ya maandishi ya mwanachuoni mnayemwamini. Ni salama zaidi kumtafuta mfadhili mmoja au wawili wanaoichangia kazi hii wakijua wanachangia nini. Muumini atakapouliza "sadaka zetu ndizo zilizonunua bango hili?", jibu liwe tayari na liwe kweli.

Hatua ya 2: Kusanya kila kitu chenye nembo

Chukua majuma mawili. Piga picha au chukua nakala ya kila mahali nembo inapoonekana, kisha zibandike zote ukutani. Ukuta huo hufanya kazi ambayo hakuna hotuba inayoweza kuifanya: bodi inaona kwa macho yake bluu tano tofauti na jina lililoandikwa kwa namna tatu.

Watu hukumbuka bango, tovuti, fulana na vipeperushi. Vinavyosahaulika ni muhuri wa mpira, vitabu vya stakabadhi, hundi, vyeti vya mafunzo, sare za walinzi, vitambulisho vya wafanyakazi, sahihi za barua pepe, vibandiko kwenye pampu za maji, bamba la jiwe la msingi, maturubai ya hema, mifuko ya chakula cha msaada, na ukurasa wa mitandao ya kijamii uliofunguliwa na mtu aliyekwisha kuondoka na neno la siri.

Ingiza vyote kwenye jedwali lenye safu sita: kitu, mahali kilipo, idadi, mwenye jukumu nacho, lini kitaisha au kuchakaa chenyewe, na gharama ya kukibadilisha. Safu ya tano ndiyo itakayookoa fedha baadaye. Kama vitabu vya stakabadhi vitaisha baada ya miezi minane, hakuna haja ya kuvichoma leo.

Hatua ya 3: Amua juu ya ishara ya imani

Hapa ndipo uzito wa kazi ulipo. Zungumza na makundi matatu, kila moja peke yake: waumini na wachangiaji, wafanyakazi na wanaojitolea, na watu wanaopokea huduma, wakiwemo wasio wa imani yenu. Watu watano hadi wanane kwa kila kundi wanatosha; ukizidisha, utasikia majibu yaleyale.

Usiulize mtu anapenda rangi gani. Uliza hivi: Ulipoliona gari letu mara ya kwanza, ulidhani sisi ni akina nani? Unamfahamu mtu aliyesita kuja kwetu, na alisita kwa nini? Ukimweleza jirani tunachofanya, ungesemaje? Na kwa waumini: kuna kitu gani kwenye nembo ya sasa ambacho kikiondolewa utaona tumeikana imani yetu? Andika maneno yao kama walivyoyasema, bila kuyapamba. Mara nyingi majibu ya kundi la tatu huwashangaza wa kundi la kwanza. Kuna wanaodhani huduma ni ya waumini peke yao, na kuna wanaowaamini zaidi kwa sababu mnajulikana kuwa watu wa dini.

Baada ya hapo bodi ichague nafasi moja kati ya hizi nne, na uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

1. Ishara wazi. Msalaba, mwezi, nyota, gurudumu la dharma la Wabudha au ishara nyingine inaonekana bila kificho. Inafaa pale jamii inapoihusisha ishara hiyo na msaada, na wafanyakazi wanapokuwa salama wakiivaa.

2. Ishara iliyofumwa ndani ya umbo. Mfano, nafasi kati ya majani mawili inayofanya msalaba. Wabunifu wanaipenda sana nafasi hii. Sisi tunaitilia shaka. Kama umbo linahitaji kuelezwa ndipo lionekane, waumini hawatafaidika nalo, na asiye muumini akiligundua baadaye anaweza kuona alifichwa jambo.

3. Imani kwenye maneno. Alama inaonyesha kazi, na imani inatajwa waziwazi kwenye jina au kwenye mstari mmoja chini yake: "Huduma ya Kanisa fulani kwa watu wote". Hii ndiyo nafasi inayosahaulika, na kwa mashirika yanayohudumia mchanganyiko wa dini mara nyingi ndiyo bora, kwa sababu haimfichi mtu kitu na haimfungii mtu mlango.

4. Imani haionekani kwenye nembo, bali inaelezwa kwenye ukurasa wa historia, katiba na barua kwa wafadhili. Inafaa mahali ambapo kuonekana kwa ishara kunahatarisha maisha.

Mashirika yanayofanya kazi ya maafa yasome pia Kanuni za Maadili za mwaka 1994 za Harakati ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali. Kanuni ya pili inataka msaada utolewe bila kujali rangi, dini wala utaifa. Ya tatu inakataza kuutumia msaada kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Kama mmezikubali kanuni hizo, bango lenye aya ya kuhubiri likining'inia juu ya foleni ya chakula linawasuta.

Kuna mitego minne ambayo lazima iteguliwe kabla ya kuendelea.

Wa kwanza ni wa kisheria. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe si mali ya Ukristo kwa maana ya sheria. Ni alama ya ulinzi iliyokubaliwa katika Mkataba wa Geneva wa 1864, na Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949 unakataza watu binafsi na mashirika kuitumia au kuiiga. Hilali nyekundu inalindwa vivyo hivyo, na tangu itifaki ya mwaka 2005 kuna pia kristali nyekundu. Zahanati ya kanisa yenye msalaba mwekundu mlangoni inakosea, hata kama nia ni njema. Badilisha rangi yote, tena kwa umbali: waridi iliyokolea au rangi ya machungwa-nyekundu bado inaweza kuhesabika kuwa kuiga. Msalaba mweupe juu ya nyekundu nao una wenyewe. Ni nembo ya Uswisi.

Wa pili ni maandiko matakatifu. Jina la Mungu au aya ya Kurani kwenye mfuko wa unga litaishia jalalani au chini ya viatu. Kwenye fulana litaingia msalani. Kwa Waislamu hilo ni kosa la adabu lisilo dogo, na kwa Wayahudi pia maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi hovyo. Sheria rahisi: maandiko yakae kwenye vitu vinavyotunzwa, kama ukuta wa ofisi na vyeti, wala yasiwe sehemu ya nembo yenyewe.

Wa tatu ni maana za rangi na maumbo ndani ya imani moja. Zambarau kwa makanisa yanayofuata kalenda ya liturujia ni rangi ya Kwaresima na Majilio, yaani ya toba na kungoja. Mwezi na nyota vilipata umaarufu mkubwa kupitia bendera ya Dola ya Osmani, na wapo Waislamu wasioviona kuwa alama ya dini. Picha ya kiumbe hai inapokelewa kwa namna tofauti na madhehebu tofauti. Rangi zinaweza pia kugongana na za chama cha siasa, na kipindi cha uchaguzi si wakati wa kuligundua hilo.

Wa nne ni mkono. Nembo nyingi za hisani zina mkono unaotoa kutoka juu na mkono unaopokea chini. Chora mchoro huo kisha umwonyeshe mtu anayepokea huduma. Atakuambia mwenyewe nani kawekwa juu. Mikono ikibaki, iwe kwenye usawa mmoja. Tena mikono, moyo, njiwa na dunia vimetumiwa na maelfu ya mashirika, hivyo ni vigumu hata kuvisajili kama alama inayotofautisha.

Hatua ya 4: Andika waraka wa maelekezo kwa mbunifu

Kurasa mbili, zisizidi. Mstari wa kwanza useme mnafanya nini, mnamfanyia nani, na imani inawatumaje. Kwa mfano: "Tunawapa akina mama maji safi na elimu ya afya, wa dini yoyote, kwa kuwa tunaamini kila mtu ameumbwa na heshima." Mbunifu anaweza kuchora kutokana na sentensi hiyo. Hawezi kuchora kitu kutokana na "kuleta maendeleo endelevu kwa jamii".

Ongeza uamuzi wa hatua ya 3, jedwali la hatua ya 2, na maneno matatu ya tabia. Maneno kama "ya kisasa" na "yenye mvuto" yafutwe, kwani hayamwongozi mtu. "Tulivu, imara, ya jirani" yanamwongoza. Taja lugha na hati zote zitakazoandikwa, na njia za uchapaji mnazotumia kwa kweli: kama fulana zenu huchapwa kwa skrini (fremu ya kitambaa inayopitisha wino), kila rangi inahitaji skrini yake, kwa hiyo nembo ya rangi nne itawagharimu kila mwaka.

Wateue watu watatu wa kufuatilia, na mmoja wao awe na neno la mwisho. Bodi iidhinishe mara mbili tu: waraka huu, na nembo iliyokamilika. Kamati ya watu kumi na wawili huzalisha nembo yenye vitu kumi na viwili.

Msifanye shindano la nembo kwa waumini. Linaonekana shirikishi, lakini washiriki hawajausoma waraka, tisini na tisa kati ya mia watakatishwa tamaa, na mara kwa mara mshindi huwa amechukua picha ya mtu mwingine mtandaoni. Kama kuna muumini mwenye taaluma anayejitolea, mkaribisheni kwa mkataba uleule wa mtu wa kulipwa, wenye tarehe na idadi ya marekebisho. Raundi mbili kwa kawaida zinatosha. Mkataba utamke kwamba hakimiliki yote inahamia kwa shirika kwa maandishi, na kwamba faili za asili zitakabidhiwa. Katika nchi nyingi aliyechora ndiye mwenye haki hadi atakapoihamisha, hata kama amekwisha kulipwa.

Hatua ya 5: Kubuni na kujaribu

Raundi ya kwanza iwe na mielekeo mitatu, yote kwa nyeusi na nyeupe. Rangi ikitangulia, watu watajadili rangi na kusahau umbo. Kila mwelekeo uonyeshwe ukiwa kazini: kwenye barua, mlango wa gari, na picha ya mviringo ya mtandao wa kijamii. Nembo iliyokaa peke yake katikati ya ukurasa mweupe hupendeza daima.

Kisha zifanyie majaribio. Ipunguze hadi upana wa milimita 10 kwenye karatasi, na hadi pikseli 16 kwa 16, ambao ni ukubwa wa alama ndogo kwenye kichupo cha kivinjari; kama haisomeki, tengeneza toleo rahisi la ukubwa huo. Itoe fotokopi, kisha itoe fotokopi ya ile fotokopi, mara tatu. Ibandike ukutani uitazame kutoka hatua ishirini. Igeuze juu chini, kwa sababu sanduku na maturubai hugeuzwa. Funika jina uone kama umbo lina maana isiyotakiwa. Mwisho, peleka kwa fundi wa kudarizi: mistari myembamba kuliko milimita 1 hupotea kwenye uzi, na herufi fupi kuliko milimita 5 huzibika nafasi zake za ndani.

Rangi. Chagua rangi kuu moja, ya kusaidia moja, na mbili za utulivu kama kijivu na nyeupe-maziwa. Kila moja iwe na namba zake zote: RGB na heksa kwa skrini, CMYK kwa mtambo wa kuchapa, Pantone kwa wino maalumu, na RAL kwa rangi ya ukutani na ya chuma. Anzeni na karatasi kisha mwende kwenye skrini, wala si kinyume chake. Bluu, kijani na machungwa zinazong'aa kwenye skrini hazipo kwenye wino wa CMYK, zikichapwa hufifia, na mchapaji atalaumiwa bure.

Dhahabu inahitaji onyo lake. Mashirika ya dini yanaipenda, na kwenye jalada lenye karatasi ya metali inapendeza kweli. Lakini skrini haina metali, na CMYK vilevile. Kinachotoka ni haradali, au kahawia kabisa kwenye karatasi isiyong'aa. Kama lazima iwepo, iwe pambo la vyeti tu.

Kontrasti ipimwe kwa namba. Miongozo ya WCAG, ya kuzifanya tovuti zisomeke na watu wote, inataka angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kijivu #767676 juu ya nyeupe ni 4.54, yaani kinapita kwa tabu. Chochote chepesi kuliko hapo kinamnyima mzee mwenye macho dhaifu nafasi ya kusoma namba ya kuchangia. Njano safi juu ya nyeupe haifiki hata 1.1. Pia usitegemee nyekundu dhidi ya kijani kutofautisha mambo mawili, kwani ndizo rangi ambazo wenye upofu wa rangi huzichanganya zaidi.

Herufi. Familia moja ya fonti yenye uzito wa kawaida na mzito inatosha. Ya pili ya vichwa vya habari ni anasa inayoruhusiwa. Chagua zenye leseni huria, kama SIL Open Font License, ili kila tawi na kila mchapaji aweze kuzitumia bila kuvunja sheria. Familia ya Noto inafaa sana kwa shirika la lugha nyingi, kwa sababu ina hati za Kilatini, Kiarabu, Kiebrania, Kiethiopia, Kidevanagari na nyingine nyingi.

Kwa Kiarabu kuna ajali inayojirudia hata kwenye mabango makubwa. Herufi zake huungana na husomwa kutoka kulia. Programu ya kubuni isiyowashwa uwezo huo huzitenganisha na kuzipanga kutoka kushoto, hivyo jina tukufu linachapwa likiwa vipande vilivyogeuzwa. Mbunifu asiyesoma Kiarabu haoni kasoro yoyote. Tiba yake ni mbili: maandishi yageuzwe kuwa michoro kabla ya kwenda kwa mchapaji, na msomaji wa lugha hiyo atie sahihi kwenye sampuli iliyochapwa, si kwenye faili la kompyuta.

Hatua ya 6: Tafuta mgongano kabla ya kupitisha

Kabla bodi haijaidhinisha nembo, tafuteni jina na umbo kwenye hifadhidata ya alama duniani ya WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu), kwenye rejista ya nchi mnazofanyia kazi, na kwa utafutaji wa picha mtandaoni. Orodha ya Nice, inayozigawa bidhaa na huduma kwa ajili ya kusajili alama, ina madaraja 45. Kuchangisha fedha za hisani kuko daraja la 36, elimu 41, kutoa chakula na malazi ya muda 43, afya 44. Sajilini madaraja mnayofanyia kazi kweli. Kama nembo ina alama rasmi ya kanisa au taasisi mama, pata kibali chake cha maandishi kinachosema pia nini kitatokea uhusiano ukivunjika.

Hatua ya 7: Picha

Nembo nzuri juu ya picha ya mtoto aliyepigwa picha kutoka juu, mwenye inzi usoni, ni kazi bure. Kanuni ya kumi ya zile Kanuni za Maadili za 1994 inataka waathiriwa waonyeshwe kama watu wenye heshima, si kama viumbe wasio na tumaini. Kwa vitendo: kamera iwe kwenye usawa wa macho, mtu aonekane akifanya jambo, jina lake litajwe kama amekubali, na kwa mtoto mzazi au mlezi akubali pia. Fomu ya ridhaa iwe kwa lugha anayoielewa, ieleze picha itaonekana wapi na kwa muda gani, na impe njia ya kujitoa. Ridhaa inayoombwa mtu akiwa kwenye foleni ya msaada si ridhaa. Ombeni baada ya kupokea. Futeni taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili la picha kabla ya kuichapisha, hasa kwa watoto na wakimbizi. Na msimpige picha mtu akiwa katika sala ya imani isiyo yake.

Hatua ya 8: Faili na kitabu cha maelekezo

Mbunifu akabidhi folda moja yenye vijalada vitatu. Cha kuchapa kiwe na PDF na EPS za vekta, yaani michoro inayokuzwa bila kuharibika. Cha skrini kiwe na SVG na PNG zenye mandhari tupu, isiyo na rangi. Cha rangi moja kiwe na nyeusi tupu na nyeupe tupu. JPG zisiwepo kabisa, kwani ndizo zinazoleta kile kisanduku cheupe kuzunguka nembo juu ya bango la rangi. Atakayetuma nembo kwa WhatsApp aitume kama hati. Ikitumwa kama picha inabanwa na kuharibika, na ndiyo itakayofika kwa mchapaji.

Kitabu cha maelekezo kiwe na kurasa 8 hadi 12. Kionyeshe matoleo yanayoruhusiwa, nafasi tupu ya kuzunguka nembo (urefu wa herufi moja ya jina ni kipimo rahisi), ukubwa wa chini kabisa, namba za rangi, fonti, na nini kisifanywe. Ukurasa wa muhimu zaidi ni wa nembo mbilimbili: yenu na ya mfadhili, au yenu na ya kanisa mama, ipi inakaa kushoto na kwa ukubwa gani. Ugomvi wa kila siku uko hapo.

Violezo vya barua, slaidi, ripoti na tangazo la mtandaoni ndivyo vitakavyotumika kuliko kitabu. Vitengenezwe kwenye programu ambayo wafanyakazi wanayo tayari, si ile ya mbunifu.

Hatua ya 9: Kuitoa nje

Chagua siku moja kwa vitu vya kidijitali: tovuti, kurasa za mitandao, sahihi za barua pepe, violezo. Hivyo vibadilike vyote saa ileile. Vitu vya kushikika vifuate kwa mafungu: kwanza bango la mlangoni na vitambulisho, kisha magari na sare, mwisho vile vinavyoisha vyenyewe. Kwa magari yanayopita maeneo yenye machafuko tumieni vibandiko vya sumaku vinavyotoka kwa dakika moja.

Wafanyakazi wajue juma zima kabla ya umma, na wapewe majibu mafupi ya maswali matatu: kwa nini mmebadilisha, imani imekwenda wapi, na nani amelipa. Kwa waumini, tangazo la dakika mbili kutoka kwa imamu, mchungaji au kiongozi wanayemwamini lina nguvu kuliko bango lolote.

Matapeli hupenda kipindi hiki. Mchangiaji akiona nembo mpya na ujumbe "akaunti yetu imebadilika", atatuma. Kwa hiyo semeni waziwazi, na kwa kurudia, kwamba akaunti na namba za kuchangia hazikubadilika. Kama lazima zibadilike, ziachanisheni na nembo kwa miezi kadhaa. Kwa mwaka wa kwanza stakabadhi na barua ziwe na nembo ya zamani kwa udogo pembeni, na anwani ya zamani ya tovuti iendelee kuwapeleka watu kwenye mpya. Msiache usajili wake uishe, kwani mwingine ataununua.

Miezi mitatu baadaye pitieni lile jedwali la hatua ya 2, mstari kwa mstari. Mifuko ya msaada iliyobaki yenye nembo ya zamani itumike hadi iishe. Sare zikatwe nembo kabla ya kugawiwa, maana mtu aliyevaa sare yenu ataaminiwa kama mfanyakazi wenu. Mihuri ya mpira ya zamani ikusanywe yote kutoka kila tawi, ihesabiwe dhidi ya jedwali, ikatwe vipande mbele ya mhasibu na mjumbe mmoja wa bodi, na hati yenye tarehe, idadi na sahihi zao iwekwe kwenye faili. Muhuri usiopatikana utolewe taarifa benki kwa barua siku hiyohiyo.